Miaka 19 juu ya pikipiki hapa Dodoma: aliyekugonga atasema hakukuona, na mara nyingi atakuwa anasema kweli

Mbukwenyi, ndugu wanajukwaa.

Mimi ni afisa ugani, na tangu mwaka 2006 nimeifanya kazi hiyo juu ya pikipiki: kwanza vijiji vya Hombolo na Chamwino, kisha Bahi, na miaka mitatu Kondoa. Sijawahi kubeba abiria kwa malipo, kwa hiyo wenzangu wa bodaboda wananizidi kwa saa za kukaa barabarani, na pale nitakapokosea ninaomba wanisahihishe. Nimeamua kuandika kwa sababu mwezi uliopita tulimzika kijana wa mtaani kwetu aliyegongwa na gari lililokuwa likikata kulia kuingia kituo cha mafuta. Msibani kila aliyesimama alisema kijana hakuwa na kosa, kwamba alikuwa upande wake na mwendo wake ulikuwa wa kawaida. Ninaamini ndivyo ilivyokuwa. Maneno hayohayo yalisemwa juu yangu mwaka 2011, ila mimi nilikuwa hai, nikayasikia kwa masikio yangu.

Asubuhi hiyo ya Agosti nilikuwa nikitoka Chamwino kuja mjini, yapata saa moja na robo. Gari dogo lililokuwa likitokea mjini lilipunguza mwendo, likawasha indiketa ya kulia, likasimama. Nilipoliona limesimama nikajua dereva ameniona na ananisubiri nipite. Nilipolikaribia kabisa likakata mbele yangu. Nilivunjika mtulinga na kuchubuka mguu wote wa kushoto, na dereva alishuka akitetemeka huku akirudia neno moja: "Sikukuona, kaka, sikukuona." Kwa muda mrefu niliamini alikuwa akijitetea tu. Nilipopona, siku moja nilikwenda kusimama palepale, saa ileile, nikatazama upande niliokuwa nimetokea. Jua lilikuwa limekaa juu ya lami. Malori niliyaona kama vivuli, lakini pikipiki sikuziona hadi zilipofika kama hatua 40 kutoka niliposimama, na nyingine nilizisikia kabla sijaziona. Dereva yule alikuwa amesema kweli.

Tangu siku hiyo naendesha kwa kushika jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu: haki ya kupita haikulindi kwa mtu ambaye hajakuona, na kazi ya kuhakikisha umeonekana ni yako wewe uliye juu ya pikipiki, kwa kuwa wewe ndiye utakayelala chini.

Jambo hili si la Dodoma peke yake. Mwaka 1981 huko Marekani, Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walichapisha matokeo ya uchunguzi wa ajali zaidi ya 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Walikuta kwamba katika ajali za pikipiki kugongana na gari, takriban mbili kati ya kila tatu zilitokana na mwenye gari kumkatia njia mwenye pikipiki, na sababu kubwa ilikuwa hiyohiyo ya kutomwona, au kumwona akiwa amekwisha kuchelewa. Pikipiki ni kitu chembamba. Hata anayeiona huipima vibaya, kwa maana jicho hudhani kitu kidogo kiko mbali na kinakuja polepole.

Sasa tazameni barabara yetu. Barabara ya kwenda Morogoro inaelekea mashariki, na Mji wa Serikali wa Mtumba uko upande huohuo. Mtumishi anayeishi mjini na kufanya kazi Mtumba hupigwa na jua usoni asubuhi akienda, na hupigwa tena usoni jioni akirudi. Huyo anajijua kwamba haoni, kwa hiyo hupunguza mwendo mwenyewe. Aliye katika hatari ambayo haijui ni yule anayeishi Ihumwa au Chamwino na kufanya kazi mjini: jua liko mgongoni kwake asubuhi na jioni, barabara yote inang'aa mbele yake, anaona kila kitu vizuri, na kwa sababu anaona vizuri anadhani na wenzake wanamwona. Ukiona kivuli chako kimelala kirefu mbele ya gurudumu lako, elewa kwamba kila dereva anayekuja mbele yako anatazama jua.

Ninachofanya mimi ni haya. Taa ya mbele huwashwa mchana kutwa. Kizibao cha kuakisi mwanga nakivaa hata kwenye safari ya kwenda dukani. Nikikaribia njia panda, mlango wa kituo cha mafuta au gari lililowasha indiketa, naachia mafuta, vidole viwili vinagusa breki, na macho yangu huangalia gurudumu la mbele la gari lile. Zamani nilikuwa nikimwangalia dereva usoni, nikiona macho yake yameelekea kwangu nikitosheka. Mtu anaweza kukutazama asikuone, lakini gurudumu haliwezi kuanza kuzunguka bila wewe kujua.

Na mwendo wako uendane na umbali ulionao. Kwenye kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu katika maeneo ya makazi, pikipiki hutembea karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja huishia kwenye kushtuka na kufikia breki, na kusimama kwenyewe juu ya lami kavu kunahitaji mita nyingine kama 14, jumla yake mita 28. Kwenye kilomita 80, sekunde ya kushtuka hula mita 22 na kusimama hula kama 35, jumla 57. Mwendo haujaongezeka hata maradufu, lakini umbali wa kusimama umezidi maradufu. Mimi nilikuwa kwenye 70 siku ile, na sasa najua kwamba kwenye 50 ningesimama au walau ningegonga polepole.

Nitaendelea kesho na mchanga, upepo na usiku. Mwenye swali aulize.

— Mchangiaji kutoka Nkuhungu:

Shikamoo mzee. Nimeendesha bodaboda kwa miaka sita na nimekuelewa, ila naomba ufafanuzi kuhusu breki. Kijiweni kwetu tumefundishana kwamba breki ya mbele inapindua pikipiki, kwa hiyo wengi tunatumia ya mguu tu, na wapo waliolegeza kabisa waya wa breki ya mbele ili wasiikamate kwa bahati mbaya.

— Mwanzisha uzi:

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi umeuliza, kwa sababu mazoea hayo yanaua watu wengi wenye uzoefu mkubwa kuliko wangu.

Unapofunga breki, uzito wa pikipiki na wa kwako wewe huhamia mbele. Unausikia mwenyewe pale shokapu za mbele zinapozama. Gurudumu la mbele hukandamizwa chini na kushika lami vizuri zaidi, na la nyuma hubaki jepesi. Ukikanyaga ya mguu peke yake kwa nguvu, gurudumu hilo jepesi hujifunga na kuburuzika, pikipiki huanza kutembea ubavu, na umbali wa kusimama huongezeka sana. Kazi kubwa ya kukusimamisha iko mbele. Waliolegeza waya wameitupa.

Ni kweli kwamba breki ya mbele humwangusha mtu, na kila anayeiogopa ana sababu. Huangusha ikikamatwa ghafla kwa mkono mzima, au usukani ukiwa umekunjwa, au gurudumu likiwa juu ya mchanga. Namna ya kuitumia ni kuiminya kama unavyokamua chungwa: kwanza unabana kidogo, unasikia uzito umekuja mbele, ndipo unaongeza, na mguu unasaidia kwa wepesi. Jambo hilo halifundishiki siku ya ajali. Nenda kwenye uwanja mgumu ulio wazi siku ya Jumapili asubuhi, weka jiwe, uanze kusimama mbele ya jiwe hilo kwa kilomita 20, kisha 30, kisha 40, mara ishirini au thelathini. Mimi bado nafanya hivyo kila masika yakikaribia.

Pikipiki nyingi za kazi hapa kwetu zina breki za ngoma mbele na nyuma. Zikipita kwenye maji hulowa ndani na hazishiki, kwa hiyo ukitoka korongoni bana breki zote mbili kidogo huku unatembea polepole hadi zikauke na urudi kusikia zinashika. Kwenye mteremko mrefu, kama ile ya Kolo na Bereko kwenye njia ya Kondoa kwenda Babati, ukizitegemea peke yake hupata moto na kulegea. Teremka ukiwa na gia ya pili au ya tatu, injini ikuzuie. Kuna vijana huweka nyutro mlimani ili waokoe petroli. Mafuta wanayookoa hayajazi hata kifuniko cha chupa, na wanakuwa wameacha breki iliyo imara kuliko zote.

Kuhusu mchanga, hapa ndipo Dodoma inapotofautiana na miji mingine. Njia za Hombolo, Chilonwa na Mvumi zinakatwa na makorongo ambayo miezi saba au minane ya mwaka ni mchanga mtupu. Mgeni akifika hapo hushtuka, huachia mafuta, hushika breki ya mbele na kukaza mikono. Yote matatu ni makosa. Gurudumu la mbele likikosa nguvu ya kusukumwa huzama na kugeuka pembeni. Punguza mwendo kabla hujaingia, ukiwa bado kwenye ardhi ngumu, shusha gia moja, kisha ukishaingia usiachie mafuta, simama juu ya vikanyagio huku umebana tangi kwa magoti, uzito uupeleke nyuma, na usukani uushike kwa wepesi uuache uchezecheze. Utacheza, na pikipiki itaenda mbele. Tazama kule unakotaka kutokea, kwa maana ukilitazama jiwe utalifuata jiwe.

Mchanga wa mjini ni mbaya zaidi kwa kuwa hautarajiwi. Kisasa, Iyumbu, Ilazo na kokote ambako njia ya vumbi inaungana na lami, magurudumu ya magari huvuta mchanga na kuumwaga kwenye kona. Ni mwepesi, hauonekani, na uko palepale unapolaza pikipiki. Maliza kupunguza mwendo kabla ya kona.

Halafu kuna mvua ya kwanza, ya mwishoni mwa Novemba au Desemba. Lami inakuwa imekaa tangu Mei ikipokea vumbi na matone ya oili, na dakika 20 au 30 za mwanzo vitu hivyo huchanganyika na maji na kuwa utelezi kama wa sabuni. Mvua ikishapiga kwa nguvu lami huoshwa na kuwa afadhali. Mimi mvua ya kwanza ya mwaka naisubiri chini ya mbuyu au kibandani hadi inyeshe vya kutosha. Na korongo likishajaa, usivuke hata kama wenyeji wanavuka kwa miguu. Maji yenye mwendo yakifika katikati ya gurudumu yana nguvu ya kukusukuma pembeni, na chini yake huoni kama mchanga wa jana bado upo. Korongo letu hujaa kwa saa chache likapungua. Kaa upande uliopo, piga simu uwaambie utachelewa.

— Mchangiaji kutoka Kondoa:

Mzee, umetaja upepo ukaupita. Njia ya kutoka Dodoma kuja Kondoa, kuanzia Chemba, mwezi wa saba na wa nane inanitesa kuliko mchanga. Kuna siku nilipishana na basi, pikipiki ikahamia upande wa basi bila mimi kugeuza usukani. Sijawahi kuelewa kilichotokea.

— Mwanzisha uzi:

Umenikumbusha jambo ambalo nami lilinichukua miaka kulielewa.

Kipupwe chetu upepo mkubwa hutoka kusini-mashariki. Ukiwa unatoka Dodoma kwenda Kondoa unaelekea kaskazini, kwa hiyo upepo unakupiga ubavu wa kulia, na bila kufikiri mwili wako unailaza pikipiki kidogo kulia ili kuusukuma. Basi linalokuja mbele yako linapita upande huohuo wa kulia. Linapofika sambamba nawe linaukinga upepo wote kwa nusu sekunde. Wewe bado umelalia kulia, lakini kilichokuwa kinakuegemeza hakipo tena, na pikipiki inaingia kulia, yaani kuelekea basi. Kisha basi linapita, upepo unarudi kwa mpigo na kukutupa kushoto. Kwa hiyo ukiona basi au lori linakuja siku ya upepo, punguza mwendo mapema, sogea theluthi ya kushoto ya njia yako, legeza mikono na inama juu ya tangi. Ukishajua kwamba mvuto utakuja, hautakushtua. Chamchela nao, zile nguzo za vumbi zinazotembea uwandani kule Bahi, usishindane nazo kuvuka. Simama dakika moja, inapita.

Mifugo nitasema kwa kifupi. Ng'ombe mmoja akivuka, wengine wanamfuata, na ndama akibaki ng'ambo mama yake atarudi. Pita nyuma ya mkia wa wa mwisho, kamwe usipite mbele ya pua, na usipige honi. Punda hafuati kanuni yoyote, na usiku hupenda kusimama juu ya lami.

Hapo ndipo penye usiku. Nilipima taa ya pikipiki yangu kwenye njia ya giza kwa kuweka dumu la maji lililopakwa vumbi na kurudi nyuma kwa hatua: zaidi ya mita 40 sikuliona tena. Linganisheni na mita 57 za kusimama kutoka kilomita 80. Anayekimbia 80 usiku kwa taa ile amekubali kugonga chochote kilicholala barabarani, kwa kuwa atakiona akiwa amekwisha kukosa nafasi. Usiku siendi zaidi ya 50, na nje ya mji nikiweza siendeshi kabisa. Ukiona matawi ya miti yamewekwa juu ya lami, usiyakwepe ukaendelea na mwendo wako; hiyo ndiyo alama ya madereva wetu kwamba mbele kuna lori limeharibika, na barabara ya Manyoni na Singida ina semi-trela nyingi ambazo zikiharibika hubaki palepale bila taa. Ukiona taa moja inakuja, usidhani ni pikipiki mwenzako. Inaweza kuwa lori lenye taa moja mbovu, na taa iliyobaki ni ya upande wa mbali nawe. Kaa kushoto.

— Mchangiaji kutoka Nkuhungu:

Nashukuru mzee. Leo asubuhi nimemrudishia fundi pikipiki akaze waya wa mbele. Jambo lingine ni kofia ngumu ya abiria. Ninayo, lakini hawataki. Akina mama wanasema itaharibu nywele, wengine wanaogopa jasho la aliyetangulia. Nikilazimisha wanapanda ya mwenzangu.

— Mwanzisha uzi:

Wana haki ya kuogopa jasho, kwa hiyo anzia hapo. Kofia ambayo kitambaa chake cha ndani kinatoka ifuliwe kila jioni. Hewa yetu ni kavu, asubuhi itakuwa tayari. Nunua vifuniko vyepesi vya nywele, mpe kila abiria cha kwake mbele ya macho yake. Dereva wangu wa kila siku pale Majengo alifanya hivyo na akina mama wakaanza kumtafuta yeye.

Na wewe mwenyewe, funga mkanda wa kidevuni. Naona vijana wengi wameivaa kofia mkanda ukining'inia, au wameitundika kwenye kiwiko. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwa miaka mingi kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 40 na ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 70, lakini kofia isiyofungwa hutangulia kuruka kabla kichwa hakijafika chini. Ukinunua, tafuta yenye alama ya herufi E ndani ya duara, ambayo huonyesha imepimwa. Kinachokuokoa ni lile povu gumu la ndani, ambalo likishabonyea kwa kishindo halirudi. Kofia iliyokwisha kuokoa mtu mara moja haifai tena, hata kama nje inang'aa.

Na ukimkuta mtu ameanguka, tafadhali usimpakate katikati ya watu wawili juu ya pikipiki kumkimbiza hospitali. Shingo iliyopata ufa hukatikia hapo. Zuia magari, bana panapovuja damu kwa kitambaa safi, usimvue kofia kama anapumua vizuri, mpigieni polisi kwa 112 na Zimamoto kwa 114, mtafute gari ambalo atalala. Fomu ya PF3, ile ya polisi kwa ajili ya majeruhi, ndugu mmoja ataifuatilia.

— Mchangiaji kutoka Chang'ombe:

Habari kaka. Kijana wangu amemaliza kidato cha nne, ana miaka 19, anataka nimnunulie pikipiki afanye bodaboda. Nimesoma uzi huu wote nikalia. Nimkatalie?

— Mwanzisha uzi:

Dada yangu, pole kwa hofu hiyo. Ukimkatalia, ataendesha ya mtu mwingine, na hapo ndipo hofu yangu ingekuwa kubwa zaidi. Anayeendesha ya tajiri anadaiwa hesabu, yaani fedha ya kumpelekea mwenye pikipiki kila siku, na hesabu isipotimia saa mbili usiku anaendelea hadi saa sita, anakimbia, anapakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja. Ajali nyingi za vijana zimeanzia kwenye hesabu. Wewe ukiwa ndiye mwenye pikipiki unaweza kuliondoa hilo: mwambie miezi mitatu ya kwanza humdai chochote, na saa moja jioni pikipiki iwe nyumbani.

Kabla ya hapo apate mafunzo na leseni yenye daraja la pikipiki. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wanafundisha udereva, na cheti kisiwe cha kununua. Fedha ya kofia mbili, viatu vinavyofunika kifundo cha mguu na bima uitenge kabla ya fedha ya pikipiki, kwa sababu ukinunua pikipiki kwanza hivyo vingine vitasubiri. Vioo vya pembeni vising'olewe. Mwezi wa kwanza aendeshe bila abiria, maana abiria mmoja hubadilisha namna pikipiki inavyosimama na inavyokata kona, na ajifunze moja baada ya jingine.

Jumamosi hii asubuhi nina nafasi. Kama kijana atakuwa amepata pikipiki hata ya kuazima, aje nayo uwanjani tuweke jiwe, nimwonyeshe breki ya mbele. Wewe njoo naye, na yule mwanangu wa Nkuhungu naye aje, kwa kuwa amekaza waya jana na mkono wake bado haujauzoea.